Mpe Wakesho Maji

Stesheni ya Nakuru,
Jumapili, saa nane mchana.

Mama Wakesho, mke wangu,

Pokea salamu zangu, wewe na wote walio chini ya dari yetu. Leo sitauliza habari za mahindi wala za ng'ombe, wala kama mvua imeshuka huko Wundanyi. Nauliza habari ya mtu mmoja tu, naye ni Wakesho. Mimi mwili wangu ni mzima.

Natumaini ile simu ya maandishi niliyopeleka Ijumaa kutoka posta ya Gilgil imekufikia. Niliituma kwa anwani ya shule ili mwalimu mkuu akuletee. Maneno yake yalikuwa haya: MPE WAKESHO MAJI. MPELEKE HOSPITALI LEO. Najua ulipoisoma ulishangaa, na najua mama yangu alisema nini. Alisema mwanawe vumbi la machimbo limempanda kichwani. Basi barua hii ni ya kueleza. Lakini kama simu haikufika, na haya ndiyo maneno ya kwanza unayopata kutoka kwangu, simama hapa hapa. Mpe mtoto maji ya kunywa, kadiri anavyotaka, mbebe mwende hospitali ya serikali. Barua utaimalizia kwenye foleni.

Sasa nitaandika kana kwamba umeshakwenda. Nikifikiri vingine kalamu haiendi.

Barua yako niliipokea Alhamisi. Nilifurahi nilipoona mwandiko wako, nikaiweka mfukoni nisiimalize haraka, maana huku barua ni kama mgeni, mtu hapendi aondoke mapema. Nikaisoma saa ya chakula, nimekaa peke yangu nyuma ya banda la sepetu. Uliandika kwamba Wakesho, na miaka yake tisa, amekuwa kikojozi tena, kila usiku mkeka umelowa. Kwamba mama anasema ni uvivu wa kuamka, na anambebesha mkeka mchana hadi kijitoni, wenzake wakimzomea. Kwamba mmemkataza maji jua likishageuka, na mlimkuta akinywa kwenye kihori cha ndama, ukampiga kofi. Kwamba mama anampa miwa atafune badala ya maji, ili koo lipoe na apate nguvu, maana amekonda ingawa anakula kuliko wewe. Hayo yote niliyasoma nikitikisa kichwa tu, nikisema watoto wana vituko. Kisha mwishoni, kama jambo la kucheka, ukaandika kuwa sisimizi wamezidi chumbani kwake, wanapanga mstari mpaka kwenye mkeka, na mama amemwaga majivu sakafuni. Nilipofika hapo kwenye sisimizi, niliacha chakula nikasimama. Nikaenda kuomba ruhusa ya kwenda posta.

Utaniuliza nimeujulia wapi ugonjwa huu. Nitakueleza, lakini sehemu hii usimsomee mama.

Kazi yetu unaijua kwa barua tu. Si yale machimbo makubwa ya Kariandusi, ni haya madogo ya upande huu wa reli. Tunachimba udongo mweupe, mwepesi kama unga, na ikifika jioni Mkamba, Mluhya, Mkipsigis na mimi Mtaita, wote tunafanana, weupe mpaka kope. Udongo ule ukiingia kinywani hunyonya mate yote. Mtu mgeni hulilia maji kutwa, na wakongwe humcheka, wanasema vumbi linamfundisha kazi. Kwa hiyo hapa mtu akisema ana kiu, hakuna anayegeuka kumtazama.

Maji ya ziwa Elmenteita ni ya chumvi, hayanyweki. Ya kunywa huletwa na trekta katika mapipa, na pipa lina mtu wa kulishika. Mwaka huu nilipewa mimi kazi hiyo. Nina kikombe cha bati, na amri ni kikombe kimoja kwa kila mtu kila zamu. Nilijivuna nacho, sikufichi. Wewe mwenyewe nilikuandikia kuwa nimepanda cheo.

Nyapara wetu anaitwa Musa, mzee mnene, mwenye kelele na utani mwingi. Mwaka juzi alichomwa na msumari kwenye kidole gumba cha mguu, na kidonda hakikupona. Miezi ikapita. Alisema nyayo zinamchomachoma, halafu zikafa ganzi kabisa, hata siku moja akakanyaga kaa la moto jikoni kwake asijue mpaka aliposikia harufu. Macho yake yakaingia ukungu, akawa anaisoma orodha ya majina kwa kuinyoosha mbali. Akishiba anasinzia hapo hapo. Kiu pia alikuwa nayo, lakini nani angeijali kiu ya mtu wa machimbo? Mwishowe alikuja hapa Nakuru, akapimwa, akaambiwa ana ugonjwa wa sukari. Alirudi na masharti: apunguze ugali, aache sukari kwenye chai, apunguze mwili, aikague miguu yake kila siku. Akafuata. Kidonda kikafunga, na mpaka leo yuko, anatupigia kelele. Sisi tukamtania kwamba huo ni ugonjwa wa wakubwa. Ndivyo tulivyoufahamu. Tulidhani unakuja polepole, unamfuata mtu mwenye umri na tumbo.

Sasa nije kwa Kiptoo. Nimekutajia jina lake mara moja tu, kwamba nalala naye chumba kimoja. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, wa kutoka Londiani. Tangu Wakikuyu walipopakiwa kwenye malori na kurudishwa kwao, nyumba nyingi za kambi ziko tupu, milango inapigwa na upepo, na kwenye safu yetu tulibaki yeye na mimi. Lugha yetu ya Kidawida huku hakuna wa kusema naye. Kiptoo ndiye aliyekuwa mtu wangu. Nilimfundisha kuandika jina lake, naye alikuwa akiniuliza kila wiki, "Baba Wakesho, mtoto ameandika nini?" Alimwita Chepkesho, alisema kwao jina la msichana bila Chep halijakamilika.

Ilimchukua wiki tatu tu. Alianza kunywa maji kupita wengine wote, akimaliza kikombe chake anaomba cha mwenziwe. Usiku anatoka nje mara tano, mara sita. Alikula sufuria nzima ya ugali, na bado suruali yake ikawa inafungwa kwa kamba ya katani. Nyuma ya nyumba, mahali alipokuwa akikojoa, sisimizi walijaa. Tukacheka, tukasema Kiptoo anakojoa chai. Siku moja Mkamba mmoja akasema, "Au ni sukari kama ya nyapara?" Watu wakaangua kicheko. Sukari gani, na kijana mwenyewe chai yake ni ya rangi tupu, haina sukari? Musa ndiye aliyecheka kuliko wote, akajipiga tumbo, akasema, "Ugonjwa wangu hauwezi kukaa kwenye mifupa. Utakaa wapi?" Mimi pia nilicheka. Kwa sababu ya Musa tuliona kama tunaujua ugonjwa, na kwa sababu tunaujua hatukumpeleka Kiptoo popote.

Ikaja Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa ametapika tangu alfajiri, akishika tumbo. Alikuja kazini akiyumba, macho yameingia ndani, akihema pumzi ndefu ndefu kama aliyetoka kupanda mlima na mzigo. Kinywa chake kilinuka ndizi zilizoiva mpaka zikaharibika. Musa alimsogelea, akamnusa, akasema, "Huyu amelewa. Pombe ya ndizi hiyo. Mlevi hana maji hapa, akanywe alikonywea." Kisha akanitazama mimi.

Kiptoo hakuwa mlevi. Nilikuwa nimelala naye chumba kimoja, nilijua hakutoka isipokuwa kukojoa. Alinyoosha mikono yote miwili, akasema, "Baba Wakesho, kidogo tu." Na mimi, mama Wakesho, nilikiweka kikombe nyuma ya mgongo wangu. Niliogopa kunyang'anywa kazi ya pipa.

Aliketi kwenye kivuli cha lori. Saa sita tulipokwenda kumwamsha hakuamka, pumzi tu ndiyo iliyokuwa ikienda. Tulimlaza juu ya udongo, lori likatuleta Nakuru. Njia nzima nilimmiminia maji midomoni yakawa yanashuka shingoni. Hospitalini walijitahidi, niliwaona kwa macho yangu, lakini alikuwa amechelewa. Alifariki kabla ya jua kuchwa.

Dresa wa hospitali aliyempokea anaitwa Silas, Mluhya mmoja mpole, mwenye miwani. Alinikuta kwenye benchi akaniuliza: alikuwa anakunywa sana? Anakojoa sana? Alikonda upesi? Kila swali nilijibu ndiyo. Akanichukua ndani akanionyesha mkojo wa Kiptoo. Alitia matone yake machache kwenye dawa ya bluu ndani ya kichupa, akauchemsha juu ya taa, na ile bluu ikageuka mpaka ikawa rangi ya matofali. Nikamwambia haiwezekani, nyapara wetu ana sukari na hafanani na huyu hata kidogo.

"Bwana Zakaria," akaniambia, "sukari si moja. Ile ya nyapara wenu huwashika watu wazima, mara nyingi wanene. Mwili unayo bado dawa yake ya ndani, ila imelegea. Inakwenda kwa miaka, inamla mtu miguu na macho taratibu, na wengi hawajui mpaka kidonda kikatae kupona. Hii nyingine hushika watoto na vijana, tena wembamba. Wala hawakula sukari, wala si kosa la mama yao. Dawa ya ndani imekatika kabisa, basi chakula kinapita tu na mwili unajila wenyewe. Haingoji miaka. Ni wiki. Mtoto aliyekuwa amekwisha acha kukojoa kitandani anaanza tena, watu wanasema ni utundu. Ukisikia harufu ya ndizi kinywani, na kutapika, na pumzi ndefu, hapo hesabu saa, usihesabu siku."

Nikamuuliza kuhusu maji. Nilitaka aniambie kwamba kikombe changu kisingefaa kitu. Akasema, "Maji peke yake hayamponyi, kinachomponya ni sindano ya dawa ile iliyokatika mwilini. Lakini kiu ile ni mwili unaotaka kuosha sukari utoke. Ukimnyima maji unamkausha upesi zaidi." Hakujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa na kikombe, na sikumwambia.

Hayo yalitokea miezi miwili iliyopita. Sikukuandikia. Nilikuandikia habari za baridi ya huku na koti nililonunua. Tangu hapo nalala peke yangu, napika peke yangu, na kitabu chake cha kuandikia kiko juu ya sanduku langu kwa sababu ndugu yake alipokuja alichukua nguo tu. Jumapili ni mbaya kuliko siku zote. Watu wengine wanakwenda kwa watu wao, mimi nakaa mlangoni nikitazama vumbi. Pipa bado ni langu. Nampa kila mtu anachotaka, na Musa hanizuii tena.

Sasa isome upya barua yako mwenyewe, mama Wakesho, halafu isome hii. Ndiyo maana simu ile ilikuwa kali. Kule hospitalini usikubali kuambiwa ni minyoo au homa mpaka wapime mkojo. Sema hivyo hivyo: naomba mpime mkojo wa mtoto, tafuteni sukari. Waambie ameanza kukojoa kitandani, ana kiu, amekonda huku anakula, na sisimizi wanafuata mkojo wake. Na miwa isimame leo, uji wa sukari usimame, na asali. Mama atakasirika, atasema mtoto amekonda na wewe unamnyima cha kumpa nguvu. Mwambie nimesema mimi. Mwambie pia simlaumu. Yeye amelea watoto saba kwa njia zile zile na tukakua, na huyu wa nane ndiye ugonjwa umemgeuzia njia. Wala wewe kwa lile kofi usijitafune. Mimi nilijua mengi kuliko ninyi, na tazama nilivyofanya.

Kama watasema ni sindano kila siku, kubali hapo hapo. Usilie mbele yake. Silas anasema anao watoto hapa wanaodungwa kila asubuhi na wanakwenda shule, wanapigana na wenzao kama kawaida.

Nimeomba kurudi nyumbani. Bwana mwenye machimbo amekubali, lakini hati ya kusafiria haitoki kabla ya Jumamosi, kwa mambo haya ya Hali ya Hatari, na bila hati nitashushwa kwenye treni Naivasha na kuwekwa ndani. Basi nitatoka Jumamosi. Nasema hivi ili ujue nakuja, si ili uningoje. Usiningoje hata kidogo. Kama umekaa na mtoto ukisema baba yake afike kwanza tushauriane, amka, uende.

Leo nimekuja Nakuru kwa ajili ya jambo moja. Nilimtafuta Silas nikamwomba anifundishe kudunga sindano, maana najua hospitali ni mbali na kwetu, na hatuwezi kumpandisha na kumshusha mlima kila siku. Alinipa kiti. Amenionyesha kuchemsha sindano kwenye sufuria safi, kuvuta dawa bila kuvuta hewa, na namna ya kubadilisha mahali, leo paja la kulia, kesho la kushoto, pasije pakawa pagumu. Alinipa chungwa nijifunzie. Mikono yangu imezoea sepetu, chungwa la kwanza nililiharibu, alicheka kidogo, la pili nikapata. Dawa yenyewe hutaka mahali pa baridi, na ubaridi wa kwetu Mungu ametupa, tutaifukia ndani ya chungu cha mchanga mbichi.

Nisalimie mama, mzazi wangu, mweleze kwa upole. Nisalimie ndugu yangu Mwakio, fundi viatu; mwambie aache kazi siku moja ambebe Wakesho kama hawezi kutembea, nitamfanyia kazi yake yoyote nikifika. Nisalimie dada yako Mghoi, aje alale nawe usiwe peke yako kama nilivyo mimi. Mwalimu mkuu mshukuru kwa simu. Silas anakusalimu, ingawa hamjaonana.

Treni ya barua imekaribia, karani ananitazama. Neno la mwisho ni la Wakesho, msomee taratibu. Nilipomaliza na chungwa, nilimwomba Silas anitilie kwenye sindano maji ya chumvi tupu, nikajidunga mwenyewe pajani, mara tatu. Nilitaka nijue atasikia nini. Mwambie baba amejaribu kabla yake. Mwambie inauma kidogo tu, halafu inaacha, na ya tatu hata sikufumba macho. Mwambie nitamdunga mimi mwenyewe, polepole, na maji yatakuwa karibu naye wakati wote. Kama bado anasikia, mwambie sasa hivi.

Ni mimi mumeo,
Zakaria Mwadime,
baba Wakesho.